Thamani za Kuanzia na Makadirio: Ufafanuzi wa Istilahi

Mwanzo wa ngoma ni lele. Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi ya takwimu inayohusu mwanzo wa hesabu, yaani thamani za kuanzia, na kuitenga na istilahi jirani.

Rigresheni ni njia ya kutafuta kanuni inayooanisha vipimo vya namna mbili au zaidi. Idadi zisizojulikana ndani ya kanuni hiyo twaziita parameta. Neno kigezo tayari lina kazi nyingine. Kanuni ikiwa ya mstari kwa parameta zake, kompyuta huzipata kwa hesabu ya mkupuo mmoja. Isipokuwa ya mstari, kwa kawaida kompyuta hupewa thamani za kuanzia, hupima tofauti baina ya kanuni na vipimo, husahihisha thamani hizo, kisha hurudia mpaka tofauti isipungue tena. Ndiyo njia ya Levenberg (1944), iliyoendelezwa na Marquardt (1963). Ni mfano wa mtu ashukaye mlima gizani akitafuta bonde la chini kabisa: akianzia pasipofaa, huenda akatua katika kijibonde cha kando akadhani amefika.

Tuchukue kanuni ya Michaelis na Menten ya mwaka 1913, ihusuyo kasi ya kazi ya vimeng'enya: v = VS/(K + S). Hapa v ni kasi iliyopimwa, S ni ukolezi wa kitu kinachobadilishwa na kimeng'enya, V ni kasi ya juu kabisa, na K ni ukolezi ambapo kasi ni nusu ya V. Katika vipimo vya seli zilizotiwa puromycin, vilivyomo katika programu ya R, kasi kubwa kupita zote ni 207; basi twaweza kuanza na V = 200. Nusu yake ni 100, na kasi zinazokaribia hiyo, 97 na 107, zilipimwa penye ukolezi wa 0.06; basi K = 0.06. Kompyuta ikimaliza kazi hutoa V = 212.7 na K = 0.064.

Thamani mbili za kwanza zimechaguliwa na mtu; hizo ndizo thamani za kuanzia. Mbili za mwisho zimetokana na hesabu ya vipimo. Hizo ni makadirio. Zote zikiitwa makisio, msomaji wa ripoti hatajua ashike zipi. Na hesabu ikikwama njiani, dhana ya mtafiti yaweza kuchapishwa imevikwa joho la matokeo.

Aidha, hatupendekezi thamani za awali. Istilahi hiyo yafaa kuachiwa hesabu za mabadiliko ya wakati, ambamo thamani ya awali ni hali halisi ya kitu muda ulipoanza kuhesabiwa. Thamani ya kuanzia si hali ya kitu chochote. Ni mahali pa kukanyaga tu, na ripoti njema huitaja kwa jina lake.