Kodi ya Gisenyi Hupangwa Ng'ambo

Ukitaka kujua kodi ya nyumba Gisenyi itakuwaje mwezi ujao, kabla ya kumtafuta komisioneri, yaani dalali wa nyumba, uliza Goma wameamkaje.

Mpaka wa miji hii miwili, Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, huvukwa kwa miguu, na wapo wanaoshinda kazini Goma na kulala Gisenyi. Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo, jirani na Goma, ililipuka. Siku tano baadaye mitaa kadhaa ya Goma ikaamriwa kuhama, na maelfu wakavuka. Mitetemeko ya siku zile ilipasua nyumba za Gisenyi nazo, kwa hiyo wapangaji waliongezeka huku vyumba vikipungua. Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, watu walivuka tena. Gisenyi yenyewe imebanwa na ziwa, mlima na mpaka, viwanja haviongezeki.

Basi wageni wakirudi kwao, mbona kodi haishuki? Mwenye nyumba huona heri chumba kikae kitupu miezi miwili kuliko kukipunguzia bei, maana akimpunguzia mgeni, wapangaji wa zamani nao watabisha hodi.

Halafu kuna dola. Goma nyumba hukodishwa kwa dola, na anayelipwa kwa dola huvuka na hesabu yake kichwani. Kanuni za Benki Kuu ya Rwanda zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini mkataba unaweza kuandikwa faranga na ukapigiwa hesabu kwa dola. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama faranga 1,000. Mwaka 2025 ilipita 1,400. Nyumba ya dola 200, iliyokuwa faranga 200,000, sasa ni zaidi ya 280,000, na mwenye nyumba ataapa kwamba hajaongeza hata senti. Kwa hesabu yake, ni kweli. Mwalimu anayelipwa kwa faranga ndiye anayeumia.

Mwalimu huyo hatoki Rubavu, wilaya ya Gisenyi. Anasogea tarafa jirani ya Rugerero na kukubali bei ambayo mama anayevusha nyanya mpakani Petite Barrière haimudu. Mama naye anasogea kandokando ya Sebeya, mto uliofurika usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, ukabomoa nyumba na kuua watu. Kodi ya huko ni nafuu kwa sababu ya mto huohuo. Anayekwenda kutazama chumba bondeni aende Aprili, mvua zinaponyesha. Julai kila ukuta ni mkavu.