Ng'ombe wa Kuwekewa na Shamba la Kukodi: Masharti Yanavyotamkwa Itigi

Mtu wa Itigi akiwekewa ng'ombe na mwenzake ili awatunze, hapokei ng'ombe peke yao. Hupokea na masharti, na masharti hayo hutamkwa palepale zizini, mifugo ikionekana na mashahidi wakisikia. Maziwa ni ya mchungaji na watoto wake. Samadi ni yake, ataitia shambani. Maksai atalimia. Lakini ndama ni wa mwenye mali, na hakuna mnyama atakayeuzwa kabla mwenyewe hajaambiwa. Ng'ombe akifa, habari hupelekwa siku hiyohiyo na ngozi hutunzwa hadi mwenyewe aione, kwa sababu mfugaji anawajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa mabaka na kwa alama za masikioni. Mchungaji asiye na ngozi ya kuonyesha atalipa, au atashindwa kuaminika tena.

Wagogo wana desturi hii, Wanyaturu wanayo, Wasukuma pia, kila kabila kwa jina lake. Chanzo chake ni nchi yenyewe. Mvua ni ya msimu mmoja tu, na ukame au ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja unaweza kumaliza mali yote ya ukoo. Ugogo haijaisahau njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920, majeshi ya vita vya kwanza vya dunia yalipokuwa yamekwisha kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua nayo ikakataa. Mwenye akili hawezi kuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Anawagawa kwa ndugu, kwa mkwe, kwa rafiki wa mbali, na kinachomrudishia mali yake ni yale maneno ya zizini.

Itigi ina jambo moja linaloyapa maneno hayo uzito zaidi. Ni mji wa stesheni kwenye reli ya kati ya Tanzania, wilayani Manyoni, na reli huleta watu. Mgogo hapa ni jirani wa Mnyaturu, Mkimbu ana mizinga yake ya nyuki porini, Mtaturu na Msukuma wanapitisha mifugo, Mnyamwezi ana duka. Watu wa kabila moja wanaweza kupatana kwa maneno machache, kwa kuwa mengine yote wameyakuta kwa wazee. Wa makabila mawili hawana urithi huo wa pamoja. Kwa hiyo hupatana kwa Kiswahili, na sentensi inayoanza na "mradi" au "endapo" husikilizwa kuliko nyingine zote.

Kinacholeta ugomvi kwa kawaida ni jambo ambalo kila mmoja alidhani mwenzake analijua. Chukua mtamba wa shukrani. Mchungaji aliyetunza vizuri kwa miaka mingi huweza kupewa mtamba awe wake. Mmoja anamhesabu mtamba huyo kuwa haki, mwingine anamwona kuwa hisani. Wote wawili ni waungwana, wala hakuna aliyekusudia kudhulumu, lakini siku ng'ombe wanaporudishwa urafiki wa miaka unavunjika.

Kwenye mahari watu wamekuwa makini zaidi, na hapo nawasifu. Mshenga haondoki kikaoni na idadi tupu ya ng'ombe. Ataulizwa madume wangapi na majike wangapi, wepi watakuja wazima na wepi watageuzwa fedha, blanketi la bibi litaletwa lini, fungu la mjomba atakabidhiwa nani. Mjomba hasahauliki katika nchi hii. Ukimruka, shughuli inasimama. Kinachobaki kinatajwa kuwa deni, mbele ya pande zote mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaihesabu ndoa kuwa halali hata kama desturi za mahari hazikutimizwa, ila ukoo una kumbukumbu yake, na deni la baba linaweza kukumbushwa siku mjukuu anapoolewa.

Shambani mambo yamehamia kwenye karatasi. Mkulima anayekodi ekari mbili za kulima alizeti huandikiana na mwenye shamba kwenye ukurasa wa daftari, mashahidi wakaweka sahihi au dole gumba, kisha karatasi ikapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji kugongwa mhuri. Ukisoma karatasi hizo utakuta kiasi, msimu na mipaka. Sharti zito ni la miti: mpangaji asipande mwembe wala mkorosho. Alizeti huvunwa na kuondoka, mti hubaki, na aliyepanda mti ana hoja ya kudai ardhi. Tangu wilaya ya Manyoni ianze kuhimiza korosho, sharti hilo halifai kuachwa lipite kwa mazoea.

Ninachokikosa mara nyingi kwenye karatasi hizo ni mabua. Baada ya mavuno ya mtama au mahindi, mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, tena yana bei. Je, ni ya aliyelima au ya mwenye ardhi? Na mifugo ya jirani ikiingia baada ya mavuno, nani ameiruhusu? Mstari mmoja ungetosha kuondoa kesi nzima.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni la wanawake. Mama ndiye anayekamua ng'ombe wa kuwekewa na kujua ni yupi aliyezaa, lakini masharti yalipotamkwa zizini huenda yeye hakuitwa. Mume akifariki, mwenye ng'ombe anaweza kuja na idadi yake, au upande wa pili, mjane wa mwenye mali akaambiwa ng'ombe walishakufa zamani. Ngozi ziko wapi? Hana wa kumsaidia kuuliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ililiona tatizo la namna hii upande wa ardhi: baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Upande wa mifugo inayowekwa kwa watu hakuna takwa kama hilo, na wanaoweza kuliweka ni wenye mazizi wenyewe, kwa kumwita mke na mtoto mkubwa wa kila upande wasimame na mashahidi ng'ombe wanapohesabiwa.