Mikono Inapopasuka Wakati wa Baridi

Mama mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, hebu itazame mikono yako. Je, ngozi imepauka na kukakamaa? Je, kuna mipasuko kwenye vifundo vya vidole? Ukishika ndimu au chumvi, unasikia kuchoma? Kama jibu ni ndiyo, basi mazungumzo haya ni yako.

Sisi tunaokaa Nyanda za Juu Kusini tunaijua vizuri hali hii. Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe, Makete na Mbeya kuna baridi. Huko Makete na kwenye uwanda wa Kitulo ziko asubuhi ambazo umande huganda ukawa mweupe juu ya majani. Lakini kazi za mama hazipungui kwa sababu ya baridi. Nepi ni zilezile, vyombo ni vilevile, na viazi vya kumenya ni vilevile.

Mimi ni muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku za semina za akina mama husaidia jikoni kanisani. Mikono yangu hushinda majini. Nilidhani nayajua yote kuhusu kunawa, mpaka mama mmoja kijana aliponifundisha.

"Sista, nitanawaje?"

Ilikuwa mwezi wa Julai. Mama huyo alimleta kliniki mtoto wake wa miezi minane, anaharisha. Ilikuwa mara ya pili katika muda wa wiki tatu. Tulimpa mtoto maji ya ORS na vidonge vya zinki, tukahakikisha ananyonya vizuri. Kisha nikaanza somo langu la kila siku: nawa kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto, nawa kabla ya kumlisha. Nilisema kwa ukali kidogo, maana mara ya kwanza nilikuwa nimemwambia hayohayo.

Hakunijibu. Alitoa mikono chini ya kitenge akaiweka juu ya meza. Viganja vilikuwa vimechanika kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi, na kwenye kidole gumba palikuwa na damu mbichi.

"Sista," akasema polepole, "nitanawaje? Sabuni ikiingia humu ni kama moto."

Akaniambia kwamba usiku akimbadilisha mtoto nepi, hufuta mikono kwa kanga tu, kisha humnyonyesha. Alijua si vizuri. Hakuwa mzembe wala mchafu. Alikuwa na maumivu, na aliona haya kuyasema, kwa sababu mama mkwe wake alimwambia kwamba mikono laini ni ya mvivu.

Nilikosa la kusema. Mikono yangu mwenyewe wakati huo ilikuwa mifukoni mwa sare, nayo ilikuwa imepasuka.

Tangu siku ile nimeelewa jambo moja. Mama ambaye mikono inamwuma hupunguza kunawa, hata kama amefundishwa mara mia, na anayeumia mwishoni ni mtoto. Kwa hiyo kuitunza mikono si urembo. Ni sehemu ya kunawa kwenyewe.

Kwa nini ngozi hupasuka?

Ifikirie ngozi kama ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo udongo unaoyashikanisha. Mafuta hayo huzuia maji ya mwilini yasitoke, na huzuia vijidudu visiingie.

Sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta yenye uchafu. Lakini haichagui. Huondoa na mafuta ya ngozi yenyewe. Ukinawa mara moja, ngozi huyarudisha polepole. Ukinawa mara ishirini kwa siku, haipati nafasi. Tena viganja havina tezi za mafuta kama zile za usoni, kwa hiyo vina akiba ndogo tangu mwanzo.

Sasa ongeza baridi. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, na miezi hiyo kwetu haina mvua. Upepo unapopiga mkono uliolowa, huukausha mno. Ngozi iliyokauka haivutiki, na ukikunja vidole kukamua nguo, hupasuka kwenye mikunjo. Maji ya moto nayo, ambayo wengi tunayakimbilia ili kujipasha joto, huondoa mafuta haraka zaidi.

Kunawa tusiache

Mwaka 1847 huko Vienna, daktari aitwaye Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wasafishe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwahudumia wajawazito. Vifo vya wazazi kwa homa ya uzazi vikapungua sana. Nasi mwaka 2020, wakati wa korona, tulikumbushwa jambo hilohilo kila mlangoni.

Kwa hiyo usipunguze kunawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, na kabla ya kumlisha au kumnyonyesha mtoto. Tunachopaswa kubadilisha ni namna ya kunawa, na tunachofanya baada ya kunawa.

Mambo saba ya kufanya

1. Tumia maji ya uvuguvugu. Kama hakuna, maji ya baridi yanatosha. Sabuni na kusugua ndivyo vinavyoondoa vijidudu, si joto la maji.

2. Tenga sabuni ya kunawia. Sabuni ya unga na sabuni ya mche ya kufulia ni kali kwa ngozi. Nawa kwa sabuni ya kuogea isiyo na manukato mengi. Chukua kidogo, kisha suuza vizuri, hasa katikati ya vidole.

3. Vua pete unapofua na unapoosha vyombo. Sabuni hubaki chini ya pete ya ndoa na kuunguza ngozi taratibu. Wengi huanza kuwashwa hapohapo. Iweke mahali salama, kisha uivae mikono ikishakauka.

4. Kausha kwa kitambaa safi. Bonyezabonyeza bila kusugua. Usikung'ute maji ukaiachia mikono ikaushwe na upepo.

5. Paka mafuta papo hapo, wakati ngozi bado ina unyevunyevu. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mafuta hufungia maji ndani ya ngozi. Mafuta ya mgando ni mazuri sana, tena ni ya bei nafuu. Mafuta ya nazi pia yanafaa. Kiasi cha punje ya harage kinatosha mikono miwili. Usiyafungie chumbani. Weka kopo moja karibu na ndoo ya kunawia, na jingine dogo jikoni.

6. Usiku, kabla ya kulala, paka mafuta ya mgando kwa wingi kisha vaa soksi safi za pamba mikononi. Watoto watakucheka siku ya kwanza. Baada ya siku chache utaona tofauti. Ukiamka kumhudumia mtoto, zivue, unawe, upake tena.

7. Vaa glavu za mpira unapofua, unapoosha vyombo na unapomenya viazi, vitunguu, nyanya au pilipili. Usikae nazo muda mrefu, maana jasho nalo hudhuru ngozi. Ukimaliza, zigeuze ndani nje zikauke. Glavu zikikuletea muwasho au vipele, ziache. Kama huna glavu, paka mafuta kabla ya kuanza kufua na baada ya kumaliza.

Wengi huniuliza kuhusu vitakasa mikono. Kitakasa chenye spiriti na glisirini hakikaushi ngozi kama kunawa kwa sabuni mara nyingi. Hata katika fomula iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, glisirini imewekwa kwa makusudi, kiasi cha asilimia 1.45, ili kuilinda ngozi. Lakini kitakasa hakiondoi uchafu unaoonekana, na huchoma kwenye mipasuko. Ukitoka chooni au ukimsafisha mtoto, tumia maji na sabuni.

Kama mikono imekwisha kupasuka

Osha mpasuko kwa maji safi na sabuni laini, kausha, paka mafuta ya mgando, kisha ufunge kwa plasta au kitambaa safi. Badilisha kila kinapolowa. Mpasuko uliofunikwa na wenye mafuta hupona upesi kuliko ulioachwa ukauke.

Usipake chumvi, ndimu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Nimeyaona yote hayo, na yote huongeza kidonda. Usishike jiki kwa mikono mitupu, wala usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia.

Jihadhari pia na krimu za kununua bila ushauri. Nyingi zina dawa kali za steroidi. Siku za kwanza ngozi hutulia, mama akafurahi, lakini ukizitumia muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba. Na kama tatizo ni fangasi, dawa hizo huzidi kuieneza.

Nenda kituo cha afya ukiona usaha, uvimbe wenye joto, mstari mwekundu unaopanda mkononi, au ukipata homa. Nenda pia kama umefuata ushauri huu kwa wiki mbili bila nafuu, kwani huenda ni pumu ya ngozi inayohitaji dawa. Mwasho ukizidi usiku, na watu wengine nyumbani wakijikuna, huenda ni upele, na familia nzima itatibiwa pamoja. Mwenye ugonjwa wa kisukari asisubiri. Aende mapema.

Kazi za maji si za mama peke yake

Yako mengine ambayo mafuta hayawezi kuyaponya. Kama mama ndiye anayefua, anayeosha vyombo, anayedeki na kumsafisha mtoto, ngozi yake haipati saa ya kupumzika. Kijana wa miaka kumi anaweza kuosha vyombo, awe wa kiume au wa kike. Baba anaweza kukamua mablanketi. Tuwaambie waziwazi, kwa upole, na tuwaonyeshe mikono yetu. Mara nyingi hawakatai. Hawajaona tu.

Yule mama kijana alifanya hivyo. Alimwonyesha mumewe, na jioni hiyohiyo mumewe akarudi na kopo la mafuta ya mgando. Siku za kufua nepi akawa anasuuza yeye, ua umefungwa ili majirani wasione. Mama mkwe aliguna siku mbili tatu, kisha naye akaomba mafuta, maana mikono yake ilikuwa imepasuka miaka mingi kuliko ya mkwewe.

Mtoto alipofikisha miezi tisa, aliletwa kuchanjwa surua. Alikuwa ameongezeka uzito na hakuwa ameharisha tena. Nilimwomba mama yake anionyeshe mikono. Haikuwa laini kama ya bibi harusi, lakini mipasuko ilikuwa imefunga, na pale kwenye kidole gumba palibaki kovu jembamba tu.

Akaicheka furaha yangu, kisha akasema, "Na wewe, Sista, hebu toa yako mifukoni."

Nikaitoa. Ilikuwa vilevile kama mwezi uliopita. Nilikuwa nimefundisha kliniki nzima, na mwenyewe sikuwa nimepaka hata mara moja.

Alifungua mkoba, akatoa kopo lake, akaniwekea kiganjani punje ya harage.

Mama mpendwa, najua umezoea kuwapaka mafuta watoto wote ndipo ujikumbuke wewe. Leo, ukimaliza kunawa, anza na hiyo mikono miwili inayowahudumia.