Daktari Mdogo Mwenye Funguo za Wodi

Sehemu ya Pili: Robin Cook na riwaya ya Coma

Juma lililopita tuliona riwaya ya taharuki ikihama vichochoroni mwa wapelelezi na kuingia hospitalini. Leo tumtazame mhusika aliyeifungulia mlango: daktari kijana, mchovu, asiye na cheo.

Robin Cook, daktari wa macho aliyesomea ubingwa Boston, aliandika riwaya yake ya kwanza, The Year of the Intern (1972), alipokuwa akitumikia jeshi la majini la Marekani kwenye nyambizi. Mhusika wake, Dk. Peters, yuko kwenye mwaka wa mafunzo kazini huko Hawaii. Halali, anaitwa wodini usiku kucha, na huruma inamkauka kidogo kidogo. Kitabu kile kina ukweli mwingi, lakini hakikuvuma. Nionavyo mimi, Peters anateseka bila kuwa na jambo la kulitafuta. Msomaji humwonea huruma, kisha huzima taa akalala.

Cook hakukata tamaa. Alikaa akasoma riwaya zilizouzwa sana, akichunguza zinavyomnasa msomaji, na mwaka 1977 akatoa Coma. Susan Wheeler, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, anaanza mafunzo ya upasuaji na kukuta wagonjwa walioingia kwa tatizo dogo, mmoja goti tu, wakitoka wamepoteza fahamu moja kwa moja. Wote walipewa nusukaputi katika chumba namba 8. (Asiyetaka kujua siri aruke aya inayofuata, ingawa kitabu hiki kimeshazeeka.)

Anayeua ni kaboni monoksidi, inayopenyezwa kwa siri kwenye bomba la oksijeni. Ni gesi ileile inayowamaliza watu waliolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo hukosa hewa huku damu ikibaki nyekundu, yenye kupendeza machoni. Daktari wa usingizi anayetegemea rangi ya damu haoni dalili yoyote. Hata kile kipimo cha kubana kidoleni tulichokizoea leo hudanganyika, kwa kuwa hakitofautishi gesi hizo mbili. Waliozimika hupelekwa kwenye Taasisi ya Jefferson, wakatunzwa hai mpaka apatikane mnunuzi wa figo au moyo.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Boston, mji aliosomea Cook, ndiko upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulikofanyika, mwaka 1954. Mwaka 1968 kamati ya Shule ya Udaktari ya Harvard, mjini humohumo, ilipendekeza vigezo vya kumhesabu mtu kuwa amekufa ubongo wake ukishakufa, hata kama moyo unadunda. Kisha mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaruhusu Karen Ann Quinlan, binti aliyekuwa hana fahamu, aondolewe mashine ya kupumulia. Kila mtu alikuwa akiuliza: nani anaamua kwamba huyu hayupo tena? Na kuuza viungo kulikuwa bado hakujakatazwa kwa sheria ya nchi nzima. Katazo hilo lilikuja mwaka 1984.

Mwenye kuuliza swali hilo ndani ya hospitali lazima awe mtu mdogo. Mkuu wa idara ana mengi ya kulinda, na mgonjwa haruhusiwi kufungua mafaili. Susan anafika kila mahali, ila hakuna anayemsikiliza. Wanasema amechoka, wengine wanasema ni mwanamke. Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni Mark Bellows, daktari aliye mafunzoni anayeutamani ukuu wa wenzake. Anahisi kuna jambo, lakini kila akitaka kusema anakumbuka nani atakayempandisha cheo. Uovu wa wakubwa wa kitabu hiki umetiwa chumvi nyingi. Woga wa Bellows haukutiwa hata chembe.

Uchovu nao si wa kubuni. Mwaka huohuo wa 1984 Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki katika hospitali moja ya New York akihudumiwa na madaktari wa mafunzo waliokuwa kwenye zamu ndefu. Jimbo hilo likaweka kikomo mwaka 1989, wasizidishe saa 80 kwa juma, na mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea Marekani nzima. Kwa ratiba aliyoijua Cook kijana, Peters angezimaliza saa hizo kabla juma halijaisha.