SHOKOLA YA MUTOTO, SUMU YA IMBWA



Tuseme ni siku ya Noeli. Watoto wamevaa nguo mpya, wageni wamejaa mu lupango, na mujomba ameleta tableti ya shokola nyeusi ya gramu 100. Mutoto anaiacha juu ya kiti na kwenda kucheza. Imbwa wenu, angali mudogo, wa kilo 5 tu, anaikula yote, na karatasi yake anaipasua. Hakuna mutu aliyeona. Magaribi imbwa iko muzima, anatingisha mukia. Usiku anatapika, anahema, anatetemeka. Asubuhi munamukuta amekufa karibu na mulango.

Sasa maneno yanaanza: "Ni jirani, njo aliua imbwa yetu!" Mwingine anasema: "Hapana, ni bezi balimutupia sumu." Ni kweli wezi wengine wanafanya vile. Lakini mbele ya kushitaki mutu, tazameni chini. Okoteni ile karatasi ya shokola. Pengine sumu ilitoka katika nyumba yenu wenyewe, na aliyeiacha ni mutoto asiyejua kitu.

NI NINI ILIYO NDANI YA SHOKOLA?

Shokola inafanywa na mbegu za kakao, ile inayolimwa hata katika inchi yetu, upande wa Beni na Ituri. Ndani ya kakao kuna kitu kinachoitwa teobromini. Ni ndugu ya kafeini, ile ya kahawa na chai; kafeini nayo iko ndani ya shokola, lakini kidogo. Teobromini inasukuma moyo upige mbio, inaamusha mishipa ya fahamu, na inaongeza mukojo.

SABABU GANI SISI HAITUUI?

Sababu ini ya mutu inajua kuivunja upesi. Mutu akikula shokola, nusu ya teobromini inatoka mwilini kwa saa 6 mpaka 10. Ini ya imbwa ni ya polepole: nusu tu inatoka kisha saa 17 hivi, na ile inayobaki inaendelea kupiga moyo. Ni kama kujaza ndoo ambayo tundu lake ni dogo sana: maji yanaingia mbio, yanatoka kwa matone.

Tena imbwa anapenda utamu kama mutoto, naye hajui kujizuia. Mutoto anakula kipande na kuacha kingine kwa kesho. Imbwa anamaliza yote, hata na karatasi.

NI KIASI GANI KINACHOLETA HATARI?

Waganga wa nyama wanapima sumu hii kwa kila kilo ya uzito wa imbwa:

– Miligramu 20 kwa kilo moja: anaanza kutapika, kuhara na kukosa raha.
– Miligramu 40 mpaka 50 kwa kilo moja: moyo unapoteza mwendo wake.
– Miligramu 60 kwa kilo moja: anaanguka kama mutu wa kifafa. Kupita pale, kifo kiko karibu.

Sasa tazameni teobromini iliyo katika gramu 100 ya kila namna:

– Shokola nyeupe: karibu hakuna.
– Shokola ya maziwa: karibu miligramu 200.
– Shokola nyeusi: miligramu 500 mpaka 800, pengine kupita.
– Unga wa kakao, ule usiotiwa sukari: miligramu 2000 na kupita.

Basi kwa imbwa wetu wa kilo 5, kijiko kimoja kikubwa cha unga wa kakao kinatosha kumugonjwesha. Nusu ya tableti ya shokola nyeusi inaweza kumuangusha kwa kifafa. Na ile tableti nzima ya Noeli inaweza kumuua. Imbwa mukubwa wa kilo 30 akiokota kipande kidogo cha shokola ya maziwa, pengine hatapata kitu. Kwa hiyo ulizeni sikuzote maneno matatu: ni shokola ya namna gani, ni kiasi gani, na imbwa ni wa kilo ngapi?

ALAMA ZA SUMU

Sumu hii haionekani mara moja. Ndiyo sababu watu wanakosea na kusema ni jirani. Mara nyingi alama zinatoka kisha saa 6 mpaka 12, wakati watu wamekwisha kusahau shokola:

1. Anatapika, anahara, anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara.
2. Hatulii, anazunguka-zunguka lupango.
3. Anahema, mwili unakuwa moto, moyo unapiga mbio.
4. Anatetemeka, anakakamaa, anaanguka.

Mateso haya yanaweza kuendelea siku 3.

MUFANYE NINI?

Musingoje alama. Mukijua imbwa amekula shokola nyingi, mumupeleke kwa munganga wa nyama saa ile ile. Hapa Lubumbashi waganga wa nyama wako. Iniversite yetu, UNILU, inawafundisha katika fakulte yao. Chukueni na karatasi ya shokola, munganga asome namna yake. Semeni saa aliyokula. Musifiche kitu kwa sababu ya haya.

Hakuna dawa inayofuta teobromini yenyewe. Lakini imbwa akifika mapema, munganga anaweza kumutapisha, kumupa dawa ya makala, kumutia maji katika mushipa, na kutuliza moyo na kifafa. Njiani, kama imbwa angali na nguvu, mumuache akojoe, sababu sumu inayongoja katika kibofu inaweza kurudi katika damu.

MUSIFANYE HIVI

– Musimunyweshe mafuta ya ngazi wala maziwa. Mafuta yanaweza kuingia katika mapafu.
– Musimupe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi ni sumu ya pili.
– Musisage makala ya mbabula. Ile dawa ya makala inatengenezwa namna nyingine.
– Musitie kitu katika kinywa cha imbwa anayetetemeka au aliyeanguka.

MUANGALIE MIKONO YENU

Munaweza kuuliza: hospitali ya watu inatafuta nini katika mambo ya imbwa? Tunatafuta hili. Imbwa anayetetemeka na kutoa mate pengine amekula sumu, na pengine ana raji, ule wazimu wa imbwa. Kwa macho tu hamuwezi kujua. Hata imbwa mupole, akiwa katika maumivu, anaweza kumuuma mutoto anayemupenda. Waondoeni watoto karibu naye.

Akimuuma mutu, muoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha mumulete hospitali siku ile ile kwa sindano. Musiseme, "Ni shokola tu." Raji ikikwisha kuonyesha alama kwa mutu, karibu hakuna anayepona; lakini sindano ikitiwa mapema inamuokoa. Kama munaweza kumufunga imbwa bila hatari, musimuue. Munganga wa nyama atamuchunga siku 10.

KUZUIA NI RAHISI

Wekeni shokola na kakao juu ya kabati, pamoja na dawa za nyumba, sababu parasetamoli na ibuprofeni nazo zinaumiza imbwa. Musimupe zabibu, wala mabaki ya muboga yaliyojaa vitunguu. Vitunguu vingi vinaharibu damu yake. Bukari yenye mifupa midogo ya samaki imetolewa inamufaa zaidi kuliko utamu wote wa Bonane.

Na mutoto akileta shokola yake kwa imbwa, musimupige. Anagawa kitu anachokipenda, na moyo ule ni muzuri. Mumuonyeshe tu: "Hii ni yako. Ya imbwa ni hii." Kisha mumupe kipande cha nyama, akitupe yeye mwenyewe. Mutoto atafurahi, imbwa ataishi, na kesho hamutagombana na jirani.