Dakika za Adhabu na Rekodi za Matopeni

Rekodi ya ushindi mwingi zaidi katika mbio za magari za Safari Rally ni ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya. Alishinda mara 5: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Björn Waldegård wa Sweden anamfuata kwa mara 4. Ushindi huo mmoja unaowatenganisha umetokana na kifungu cha kanuni.

Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström, wote katika magari ya Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Safari ya zamani ilihesabu deni: kila kituo kilikuwa na muda wake, ukichelewa dakika unaandikiwa dakika, na mwenye deni dogo ndiye mshindi. Walipolingana, waamuzi hawakupiga kura wala kurusha sarafu. Kanuni ilikuwepo kabla gari la kwanza halijaondoka: anashinda aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Källström hakuwahi kushinda Safari maisha yake yote. Inauma, lakini sioni alipodhulumiwa.

Na tope je? Mbio zilifanyika Pasaka, masika yamepamba moto, na watu wa Kibiti na Rufiji hawahitaji kuelezwa Aprili inafanya nini. Mafuriko ya 2024 bado wanayo moyoni, na wakubwa wanakumbuka adha ya kivuko cha Ndundu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Jibu la Safari lilikuwa kali: tope si udhuru. Umekwama, dakika zako zinahesabiwa.

Ndiyo maana mwaka 1963, kati ya magari zaidi ya 80, yalimaliza 7 tu. Mwaka 1968 ikawa vilevile, 7. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa na gari la aina ileile, Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, nao katika Peugeot 404. Ushindi huo wa Shankland unastahili kufundishwa kwa vijana wetu kuliko unavyotajwa sasa.

Kasoro ya kanuni hiyo ya tope ninaiona. Aliyevuka kabla mto haujajaa na aliyefika nusu saa baadaye hawakupewa barabara moja. Hata hivyo mto haukumchagua mtu.

Katika Formula 1, ambako magari hubanana kwenye kona, anayepima kosa ni binadamu. Silverstone 2021, Lewis Hamilton aligongana na Max Verstappen, akaadhibiwa sekunde 10, na bado akashinda; Verstappen alipelekwa hospitali. Jeddah 2024, Kevin Magnussen alipewa adhabu mbili za sekunde 10. Kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza tena, aliwazuia walio nyuma ili Nico Hülkenberg, mwenzake wa timu, apate pointi. Sekunde hazikumtisha. Kilichomkamata ni daftari: pointi 12 za adhabu ndani ya miezi 12, naye akawa dereva wa kwanza kufungiwa mbio moja tangu utaratibu huo uanze 2014. Adhabu hiyo ndiyo ninayoiamini, kwa sababu hesabu yake ilikuwa hadharani msimu mzima, na Magnussen mwenyewe alikuwa akiiona ikipanda.