Baridi ya Rungwe: kuwapasha watoto joto bila jiko chumbani na bila kumaliza umeme



Ndugu zetu walioko Dar es Salaam hupiga simu mwezi wa kumi na mbili wakilalamika kuwa kiyoyozi na feni vinamaliza umeme. Huku kwetu kilio chetu huja mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu kama vile vya Isongole viko juu zaidi. Ukungu unashuka mapema, manyunyu hayaishi, na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Nguo za mtoto hazikauki, na kila mama anajiuliza: usiku huu nitawapashaje joto wanangu, na kwa pesa ipi?

Wengi tunaangukia kwenye moja kati ya njia mbili. Wenye umeme wananunua hita, halafu wanashangaa LUKU inavyokimbia. Wengine wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Njia ya kwanza inakula pesa. Ya pili inaweza kuondoa uhai wa familia nzima usiku mmoja. Katika makala hii nitakuonyesha njia ya tatu, ambayo ni nafuu kuliko zote mbili.

Mama aliyeumwa kichwa kila asubuhi

Julai moja nilimtembelea nyumbani mama aliyekuwa amejifungua siku tisa zilizopita. Alilalamika kuwa kila akiamka kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu na miguu haina nguvu. Alikuwa ameshapimwa malaria, hana. Kitu kimoja kilinishtua: alisema akitoka nje na kukaa barazani mpaka saa nne, kichwa kinapoa chenyewe.

Nikaomba kuona chumba anacholala. Kilikuwa chumba kizuri cha matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, dirisha la kioo, dari juu, na nguo imesokotwa chini ya mlango kuzuia upepo. Chini ya kitanda kulikuwa na jiko la mkaa. Bibi wa mtoto ndiye aliyeliweka, kwa upendo kabisa, ili mzazi na kichanga wasipate baridi.

Nilipomwomba alitoe, bibi aliniambia, "Nesi mwanangu, mimi nimelea watoto saba pembeni ya moto. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa moto."

Bibi alisema kweli. Nikamuuliza, "Bibi, nyumba uliyowalelea hao saba ilikuwaje?" Akacheka, akasema ilikuwa ya mianzi, paa la nyasi, na ukilala unaona mwanga wa mwezi kwenye ukuta. Nikamwambia: "Basi, bibi, hewa mbaya ilikuwa inatokea hapohapo ulipouona mwezi. Chumba hiki cha mjukuu wako hakina pa kutokea." Alinyamaza kidogo, kisha akainama mwenyewe akalivuta jiko nje.

Mama yule alipona maumivu ya kichwa bila dawa. Nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma. Moto ni uleule wa zamani, lakini nyumba zetu zimebadilika.

Hewa gani hiyo?

Mkaa unapowaka mahali penye hewa finyu hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ndiyo maana mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, unatudanganya. Moshi umeisha, lakini gesi inaendelea kutoka.

Kwa kawaida damu yetu hubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda mwilini. Gesi hii inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikishaingia inachukua nafasi, na ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Aliyelala hapati onyo lolote. Usingizi unazidi kuwa mzito, na huenda asiamke. Watoto wadogo huathirika haraka kwa sababu wanapumua haraka kuliko sisi. Mama mjamzito akiivuta, inamfikia na mtoto aliye tumboni.

Haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara:

- *Nikiweka beseni la maji karibu na jiko?* Maji hayanyonyi gesi hii.
- *Nikifunika mkaa kwa majivu?* Bado unatoa gesi, tena kwa muda mrefu.
- *Nikiacha dirisha wazi kidogo?* Haitoshi. Huwezi kujua kama hewa inayoingia inatosha, na upepo ukibadilika mambo yanabadilika.
- *Nikilitoa kabla ya kulala?* Chumba kilichofungwa kinabaki na gesi, na kuna siku usingizi utakuwahi kabla hujalitoa.
- *Na jiko la gesi?* Jiko la gesi ni zuri kwa kupikia, lakini si la kupashia chumba. Nalo linakula oksijeni, na likiwaka vibaya linatoa gesi hiyohiyo.

Hita ya umeme inakula kiasi gani?

Hita haitoi gesi hiyo, ila tuipigie hesabu. Tazama nyuma ya hita yako, utaona wati zimeandikwa. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa kila saa moja inapowaka mfululizo. Ukiiwasha saa tatu kila jioni, ni uniti 6 kwa siku, sawa na uniti 180 kwa mwezi.

Kama nyumba yako iko kwenye kundi la wateja wadogo wa TANESCO, wale wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, unajua kuwa uniti kwako ni za bei ya chini. Hita pekee itakuvusha mpaka huo mara mbili na zaidi, na ukivuka, uniti zinapanda bei. Tena joto lenyewe halikai. Chumba kisicho na dari chini ya mabati hupoa mara tu unapoizima.

Sasa linganisha. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kwa birika la umeme kunatumia chini ya robo ya uniti. Maji hayo yanaweza kujaza chupa ya kupashia kitanda na kubakiza chai ya mtoto. Saa moja ya hita ingekuchemshia maji hayo usiku wa zaidi ya wiki nzima.

Siri ya unafuu ni hiyo: pasha mwili na kitanda, usihangaike kupasha chumba kizima.

Kitanda kwanza

1. *Inua godoro kutoka sakafuni.* Saruji ya Tukuyu mwezi wa saba ni kama barafu, na inavuta joto la mtoto usiku kucha. Kama huna kitanda, tandika mkeka, juu yake maboksi yaliyofunguliwa au blanketi kuukuu, ndipo uweke godoro. Anika vitu hivyo kila jua likitoka, vinashika unyevu.
2. *Tandika chini kabla ya kuongeza juu.* Watu wengi wanaongeza blanketi la tatu juu wakati baridi inatoka chini. Jaribu kulitandika chini ya shuka, utaona tofauti.
3. *Tumia chupa ya maji ya moto.* Chupa maalumu ya mpira ni bora. Ifunge vizuri, ivalishe soksi nene au ifunge kwa khanga, iweke kitandani dakika 20 kabla ya kulala. Itoe kabla ya kumlaza mtoto. Ngozi ya mtoto inaungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida.
4. *Anika matandiko.* Jua likichungulia, hata saa moja, toa blanketi nje. Blanketi lenye unyevu halipashi joto.

Kisha chumba

Sokota nguo kuukuu uweke chini ya mlango usiku. Tundika pazia zito dirishani, lifunge kabla jua halijazama na ulifungue asubuhi. Kama mnajenga kidogokidogo, anzeni kuweka dari kwenye chumba wanacholala watoto kabla ya sebule, maana joto hupanda juu na mabati yanalitoa nje.

Usizibe matundu ya hewa ya juu. Watu wakilala wengi bila hewa, kikohozi kinasambaa, na unyevu wa pumzi unaleta ukungu kwenye kuta. Mchana fungua madirisha hata kama nje ni baridi. Nguo mbichi zisianikwe kwenye chumba cha kulala. Zianike chini ya upenu au jikoni.

Na kumbuka: kadiri unavyoziba chumba, ndivyo jiko la mkaa ndani yake linavyokuwa hatari zaidi.

Kisha mwili

Mvalishe mtoto nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya moja nzito. Usisahau soksi na kofia. Nguo ikilowa mkojo au jasho, ibadilishe mara moja.

Chakula cha jioni kiwe cha moto na cha kushiba. Hapa Rungwe Mungu ametujalia: ndizi, maharage, viazi, maziwa. Kikombe cha uji au maziwa ya moto kabla ya kulala kinampa mtoto joto kutoka ndani. Weka maji ya moto kwenye chupa ya chai jioni ili usiwashe moto tena usiku.

Kama familia yenu inapenda kuota moto, oteni kwenye jiko la nje, mlango ukiwa wazi, watoto wakae mbali na sufuria. Mkimaliza, moto ubaki hukohuko, ninyi nendeni mkalale.

Kichanga ana jiko lake: kifua chako

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu yeyote nyumbani. Njia bora ya kumpasha haina gharama. Mvue nguo, mwachie nepi, kofia na soksi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kisha mfunge kwa khanga na ujifunike blanketi. Baba au bibi pia anaweza kumbeba hivyo ukiwa umechoka. Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, kituo cha afya kitakufundisha kumbeba kwa njia ya kangaruu muda mrefu zaidi. Anayembeba awe macho na kichwa cha mtoto kionekane.

Usimwogeshe katika saa 24 za kwanza. Mnyonyeshe mara nyingi, usiku na mchana, maana maziwa yako ndiyo kuni zake. Usimfunike uso. Mguse miguu na tumbo: miguu ikiwa ya baridi, mpashe kwa kifua chako. Tumbo nalo likiwa la baridi, au hanyonyi, au amelegea, mpeleke kituoni haraka, ukiwa bado umembeba ngozi kwa ngozi.

Ukishuku gesi, fanya hivi

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea, kuchanganyikiwa. Ukiona watu wawili au zaidi kwenye chumba kimoja wanaumwa hivyo kwa pamoja, au mtu anapata nafuu akitoka nje, fikiria gesi kabla ya kufikiria malaria au chakula.

- Fungua mlango na madirisha, toa watu wote nje kwenye hewa safi. Watoeni watu kabla ya kutoa jiko.
- Nendeni hospitali hata kama wameanza kujisikia vizuri. Wanahitaji kupewa oksijeni.
- Mwambie mhudumu waziwazi: "Walilala na jiko la mkaa." Usione aibu. Usipolisema, matibabu yanaweza kuchelewa.
- Usimnyweshe maziwa aliyelegea au kupoteza fahamu. Maziwa hayaondoi gesi kwenye damu, na yanaweza kumpalia.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga mwenye dharura, piga 115, namba ya bure ya mfumo wa M-mama, upate usafiri.

Kikohozi cha baridi: lini nikimbie?

Mafua mengi hupona nyumbani. Lakini hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo akifikisha pumzi 60 au zaidi (chini ya miezi 2), 50 au zaidi (miezi 2 hadi 11), au 40 au zaidi (mwaka 1 hadi 5). Mbavu zikibonyea ndani anapopumua, au akishindwa kunyonya, usisubiri kuhesabu.

Leo jioni

Fanya mambo matatu tu. Tandika blanketi moja chini ya shuka la watoto. Chemsha maji ya chupa ya kitandani. Na kama kuna jiko la mkaa ndani, litoe nje kabla ya kufunga mlango. Ukikutana na bibi anayesema amelea watoto wengi kwa moto, usibishane naye. Muulize nyumba ilikuwaje.